Sadaka ya Unga Nyarugusu

Ukitoka Kasulu kushika njia ya Kibondo unapita Makere, kisha unafika kwenye geti. Bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani huingii kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Ilikuwa Jumapili. Ngoma nilizisikia kabla sijaliona kanisa lenyewe: kuta za tofali za udongo, turubai la UNHCR juu, mabenchi ya tope lililokauka. Makanisa ya namna hiyo Nyarugusu yamejaa, ya Wapentekoste, ya Wakatoliki, ya Wamethodisti, na misikiti ipo pia. Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini walifika hapa mwaka 1996, na Warundi wakamiminika 2015. Mwimbishaji wa kwaya ya kanisa lile ni kijana mwenye ndevu, kazaliwa kambini. Mtoto aliye mgongoni kwa mkewe naye kazaliwa kambini.

Saa ya sadaka ilipofika noti zilikuwa chache. Kina mama walipita mbele na vibakuli: unga wa mahindi, dengu, mafuta kwenye chupa ya soda. Ni posho hiyohiyo ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambayo imeshapunguzwa mara kadhaa, na bado inamegwa.

"Ni ya wagonjwa na waliofiwa, baba," mama shemasi aliniambia, akipima kwa kikombe cha plastiki. "Na wageni. Wamefika juzi, posho hawajaandikiwa."

Nikamuuliza yeye atakula nini mwezi ukikaribia kuisha. Akacheka, akaendelea kupima.

Mashirika ya dini yenye vibao barabarani yapo, na kazi yao si ndogo. TCRS, la Walutheri, linahudumia wakimbizi nchini tangu 1964. Lakini zamani huduma hiyo ilikuwa na ardhi chini yake. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikaleta fedha, TCRS ikachonga barabara na kujenga shule na zahanati, na kila kaya ikapata shamba. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa serikalini. Watu walikuwa wanajilisha, wengine wanauza tumbaku. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000, wazee na watoto wao, wakapewa uraia.

Nyarugusu mashamba hayo hayapo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamfunga mtu ndani ya kambi, na anayetoka bila ruhusa kutafuta kuni au kibarua anaweza kukamatwa. Kwa hiyo kanisa lile, pamoja na moyo wake wote, linahamisha unga uleule kutoka chungu cha huyu kwenda cha yule.

Lakini viongozi wa dini wana sauti pia. Maaskofu Katoliki walipotoa tamko kuhusu mkataba wa bandari mwaka 2023, nchi nzima iliwasikia. Wenzao wa Kilutheri wanaijua historia ya Katumba. Wakae pamoja na masheikh, waiombe serikali jambo moja tu: watu hawa waruhusiwe kulima.