Rangi ya Meno Yetu

Wengi hudhani kwamba meno ya kahawia ni ushahidi wa uvivu wa mwenye meno. Mimi ni mzaliwa wa Singida, na meno yangu yana rangi hiyo. Huyapiga mswaki asubuhi na usiku, wala rangi haitoki. Haitoki kwa kuwa jino liliota na gamba lenye kasoro. Maji ya baadhi ya visima vya mkoa wetu yana madini ya floridi yatokayo katika miamba. Floridi kidogo huimarisha jino. Nyingi, ikinywewa na mtoto ambaye meno yake yangali yakijengeka ndani ya taya, huliharibu gamba lake. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 nchi yetu, kwa uhaba wa maji, iliruhusu kwa muda hata miligramu 8.

Basi kuyasugua meno haya kwa mchanga ni kuadhibu asiye na kosa. Mswaki una kazi yake, nayo ni kuzuia kuoza. Kinga ya rangi hii imo mtungini. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Mvua zetu ni chache. Lakini mtoto hanywi maji mengi. Mzazi awawekee walio chini ya miaka minane maji ya mvua, au ya kisima kilichopimwa, yawe yao peke yao. Nasi tuliokwisha kukua tucheke bila kuziba vinywa kwa viganja.