Popi ana kazi mbili

Haya wadau, nimerudi chuo jana usiku, mgongo wote unauma kwa safari ya basi kutoka Karatu. Daftari sikufungua likizo nzima, nilikuwa nafundisha mbwa!

Popi ni mbwa wa mjomba kule Oldeani, shamba linapakana na msitu wa Ngorongoro. Kazi yake kufukuza nguruwe pori na nungunungu wanaomaliza mahindi. Sasa mwezi wa sita binamu yangu wa miaka 6 akapotelea kwenye ukungu. Tukamnusisha Popi sweta la mtoto. Akatoka mbio... akaishia kwenye shimo la nungunungu, anabweka kwa raha zake! Mtoto alipatikana saa nne usiku na majirani wenye tochi, anatetemeka. Jamani, pale nyati wanapita.

Mjomba akataka kumpiga. Nikasema, "Mjomba, kosa si lake, hajafundishwa."

"Haya mwalimu, mfundishe."

Basi tukatenganisha. Kazi ya shamba anatoka shingo wazi, neno ni "kamata". Kutafuta mtu anavaa mkanda mwekundu, neno ni "tafuta", na nyama anapewa na aliyejificha mwenyewe. Hata panya wa APOPO pale Morogoro, akinusa bomu la ardhini anapewa ndizi. Fimbo haimo (walimu wenzangu mnanisikia?).

Siku ya mwisho binamu alijificha kwenye mibuni. Popi akafika kwenye nyayo mbichi za nguruwe, akasimama, akanitazama, akaendelea mpaka kwa mtoto. Nililia kidogo. Tulivyorudia, akafuata nguruwe.

Krismasi tunaendelea.