Spika za shemeji na amplifaya ya baba



Mdogo wetu alipoolewa Ushirombo, mkoani Geita, tulimfungia vyombo, kanga, udi, na kitu kimoja ambacho sisi dada zake wawili tulikifunga huku tunalia: amplifaya ya marehemu baba. Ni ya zamani, ya taa. Ndani yake hamna transista, mna chupa za kioo zinazowaka wekundu kama makaa. Baba alijirekodi kwenye kanda akisoma Yasin, na kila Alkhamisi usiku tulimsikiliza humo.

Miezi mitatu haijesha, simu. "Dada, sauti ya baba imeharibika."

Tukapanda boti mpaka Dar, basi mpaka Kahama, kisha basi jingine kwa ile njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Mdogo wetu alishasema mumewe kanunua spika mpya, basi Allah atusamehe, tulimsengenya shemeji tangu Morogoro mpaka Singida. Kaunguza urithi wetu, tulisema.

Spika zenyewe tulizikuta nzuri, nyembamba, ndefu kama biharusi aliyevaa viatu vya kisigino. Zimeandikwa wati 500. Shemeji alizinunua kwa akiba yake ili zawadi yetu ipate heshima, na tangu sauti ianze kukwaruza alikuwa hakai tena sebuleni. Hilo mdogo wetu hakutuambia kwenye simu.

Akaitwa fundi wa palepale mjini, mzee wa Kisukuma mwenye maneno machache. Akageuza spika, akasoma kibandiko cha nyuma. "Mama zangu, hiki chombo hakijaharibika. Kinaombwa kisichonacho."

Akatueleza. Hizo wati 500 ni kiasi ambacho spika inaweza kuvumilia, haileti hata wati moja yenyewe. Amplifaya ya baba inatoa wati 10 tu. La kuangalia ni desibeli: ukiipa spika wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa sauti kiasi gani? Za shemeji zilitoa 84. Na kila unapotaka kuongeza desibeli 3, lazima nguvu iwe maradufu. Ukitaka 10, nguvu mara kumi! Wati 10 zikaisha zamani, kilichobaki ni mkwaruzo.

Tena waya zilichomekwa pasipo pake. Spika zilikuwa za omu 4, nazo zimefungwa kwenye tundu la 16. Akazihamishia tundu la 4, sauti ikasafika kidogo, lakini shemeji alipoongeza, ikakwaruza tena.

Fundi alikuwa na spika mbili kuukuu za mbao, kubwa kama makabati, desibeli 94, omu 8. Kwa hizo, wati 10 za baba zingesikika kama wati 100 kwenye zile mpya. Tatizo zilitoka kwenye baa iliyofungwa. Tukatazamana. Shemeji akasema mbao hazina dhambi. Tukazifuta kwa maji ya moto, tukazifukiza udi mara mbili (dada mkubwa alitaka tatu), na fundi akazichukua zile nyembamba kwa kubadilishana, akaongeza pesa kidogo.

Alituachia maonyo mawili, nanyi mlio na chombo kama hicho yashikeni. Msiiwashe kamwe bila spika kufungwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na msifungue kifuniko hata mkishachomoa waya, umeme mkali hubaki ndani.

Baada ya Isha tukawasha, tukangoja chupa zipate moto. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Kwanza tukasikia baba akikohoa, kikohozi tulichokisahau kabisa, kwa sababu kwa spika zetu za nyumbani Unguja hakikuwahi kusikika. Mdogo wetu akasogea kwenye mkeka ili mumewe akae.