Kutoka Meza ya Taa Hadi Darasani

Nilipoingia katika kazi ya kuhuisha picha za televisheni, katika miaka ya tisini, elimu yote ya fani hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi aliyekutangulia, wala haikumjia mtu fikira ya kudai cheti, ulikaa naye kwenye meza yenye kioo juu na taa chini yake, ukaweka karatasi juu ya karatasi, ukamchora tembo akiinua mguu, ukachora tena na tena, hata fundi huyo, niliyemwita Mzee, akazipepesa karatasi zile kwa vidole vyake na kusema, “Mguu huu hauna uzito, kijana, rudia.”

Matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia ndiyo yaliyotulisha. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde, na maadamu kila mchoro ulipigwa picha mara mbili, tangazo la nusu dakika lilidai michoro iliyokaribia 400, kila mmoja ukinakiliwa juu ya plastiki angavu, ukapakwa rangi kwa upande wa nyuma, kisha ukalazwa chini ya kamera. Vibonzo vya watoto, walakini, aghalabu vilitoka ng'ambo.

Hali hiyo ilibadilika taratibu. Mnamo 2004 UNESCO ilianzisha Africa Animated!, mradi wa kuwafunza wachoraji wa bara hili kuwatungia watoto wao vibonzo. Na baadaye kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza ilishirikiana na Homeboyz ya Nairobi kutengeneza Tinga Tinga Tales, hadithi 52 za wanyama, kila moja ya dakika 11, zilizoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Jina na sura yake vilitokana na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyechora jijini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli hadi mauti yalipomkuta mwaka 1972. Kwa maoni yangu usingeweza kuchaguliwa mtindo ulio bora zaidi, kwa kuwa chui wa Tingatinga hana kivuli wala kina. Amekaa bapa, mipaka yake dhahiri, na mnyama wa namna hiyo aweza kukatwa vipande ndani ya kompyuta, sikio mbali na mkia mbali, kila kipande kikasogezwa pasipo kuchorwa upya.

Lakini kompyuta haikuwa badiliko kubwa zaidi; kubwa zaidi lilikuwa namna ya kufanya kazi. Dakika 11 ni picha 16,500, kazi isiyoweza kubebwa na fundi mmoja na mwanafunzi wake. Basi vijana wakakusanywa chini ya paa moja, huyu akichora mandhari, yule akiunganisha viungo, mwingine akilinganisha midomo na sauti, na kwa njia hiyo karakana ikawa shule. Mfululizo ulipokamilika, vijana niliowajua walitawanyika, baadhi wakirudi kwenye matangazo na baadhi wakifungua ofisi zao ndogo, nami nikaona kwamba elimu iliyokuja pamoja na kazi yaweza kuondoka pamoja nayo. Hilo ndilo lililonitia katika ualimu.

Darasa langu liko Karen, jijini Nairobi, ambako Milima ya Ngong huonekana asubuhi zisizo na ukungu. Milima hiyo ndiyo aliyoichagua Kwame Nyong'o, mhuishaji na mwalimu, katika filamu yake fupi The Legend of Ngong Hills ya mwaka 2011, itokanayo na ngano ya Kimaasai juu ya zimwi lililompenda msichana. Nami huwaonyesha wanafunzi filamu hiyo kabla hawajafungua programu yoyote, kisha nikawatoa nje. Vitabu vya fani hii vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hufundisha mwendo wa mtu aliye wima, mikono ikipunga, ilhali kando ya barabara zetu yupo mama aliyebeba kuni mgongoni, ukanda wa mzigo umepita kwenye kipaji cha uso, kiwiliwili kimeinama, goti halinyooki kamwe, na hatua ni fupi, kwa kuwa mguu mmoja haudiriki kuinuka kabla mwenzake haujaupokea uzito wote. Huwasihi wamwamkie kwa taadhima na kumwomba idhini kabla ya kutoa daftari. Zamani nilianza na mpira unaodunda, kama vitabu vilivyoagiza. Sasa naanza na mama huyu.

Mwaka 2023 Disney+ ilipoonyesha Kizazi Moto, filamu fupi 10 za watunzi wa Afrika, mojawapo ikiwa Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya, wanafunzi wangu waliitazama filamu hiyo picha kwa picha, na furaha yao ikawa yangu. Hata hivyo, nimelazimika kuwaeleza kwamba kibonzo cha kigeni, kilichokwisha kurudisha gharama zake kwao, huweza kuuzwa kwa vituo vyetu kwa bei ambayo mtunzi wa nyumbani hawezi kushindana nayo, maana gharama zake yeye bado zi mbele yake zote. Kwa hiyo nimeongeza somo la mikataba na haki za mtunzi, ambalo Mzee hakupata kunifundisha. Wanafunzi hulalamika kwamba linawatoa kwenye kuchora, nami silipunguzi hata saa moja.