Kitanda cha Msafiri Maskini

Msafiri ana haja tatu zisizomwacha: chakula, njia na mahali pa kulaza ubavu. Chakula chaweza kupunguzwa, na njia yaweza kukatwa kwa miguu, walakini usiku ukiingia haumsubiri mtu. Kwa sababu hii tabia ya nchi hujulikana kwa jinsi inavyompatia kitanda mgeni asiye na mali. Wazee wetu walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Hawakusema hulala wapi, maana katika siku zao jambo hilo halikuwa swali.

Ulaya imelijibu swali hilo kwa hosteli. Hosteli si hoteli ndogo. Ni nyumba ambamo msafiri hukodi kitanda badala ya chumba. Chanzo chake ni mwalimu wa shule. Mwaka 1909 Richard Schirrmann, mwalimu wa Altena katika Ujerumani, alikuwa matembezini na wanafunzi wake walipokumbwa na dhoruba, wakapata hifadhi katika shule ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Akafikiri kwamba madarasa husimama matupu wakati wa likizo. Mbona yasiwe malazi ya vijana waendao kwa miguu? Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya kale ya Altena, na mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam vikaunda shirikisho. Mwaka 1972 ikaja tiketi ya reli iitwayo Interrail, ambayo kwayo kijana wa Ulaya aliweza kupita nchi nyingi kwa bei nafuu. Hivyo shanta mgongoni, iliyokuwa dalili ya ufukara, ikawa pambo la ujana.

Mimi ni mzaliwa wa Itiryo, katika nyanda za juu za Tarime, na kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Kazi hiyo ilinifikisha Bayreuth, ambako makongamano ya lugha yetu yalianza mwaka 1987. Kongamano lilipokwisha nilikuwa na siku tisa na fedha haba, nikaazimia kuona Leipzig, Berlin, Hamburg na Amsterdam kwa mabasi ya usiku na kwa vitanda vya hosteli. Mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye shahada ya udaktari, kupanda ngazi ya kitanda cha juu mbele ya vijana saba si jambo la fahari. Lakini lina mafunzo.

Kitanda cha Berlin kilikuwa euro 27 kwa usiku. Kila mgeni alikuwa na kabati la chuma, na kufuli alikuja nayo mwenyewe. Jikoni palikuwa na rafu ambayo wageni waondokao huwaachia wageni wajao vyakula walivyobakiza: mchele nusu mfuko, mafuta ya kupikia, chumvi, vitunguu viwili. Aliyeacha hajulikani, na achukuaye haulizwi. Nilikula mchele wa rafu ile usiku mbili, na nakiri kwamba ilinifurahisha kuliko makumbusho niliyoyalipia kiingilio, maana niliona sadaka isiyo na jina wala shukrani.

Itiryo mgeni haingii hivyo. Huulizwa atokako, ukoo wake, na nani amjuaye. Akijibu sawasawa hupewa kiti, maji ya kunawa na ugali wa moto, wala hakuna atajaye bei. Hosteli hupindua utaratibu huo: bei hutangulia, na ukoo hautajwi kabisa. Nimezipima njia hizi mbili kwa mizani moja. Ukarimu wetu ni mkubwa kwa anayejulikana, na una wasiwasi kwa asiyejulikana. Ukarimu wa hosteli ni mdogo, lakini ni sawa kwa kila mtu. Mwenye shangazi mjini ataupenda wa kwanza. Asiye na shangazi atashukuru kwa wa pili.

Lakini usawa huo huanzia ndani ya mlango. Chini ya kitanda changu alilala kijana wa Australia ambaye hakujua atalala wapi kesho yake, na kutojua huko ndiko kulikokuwa raha ya safari yake. Mimi nililazimika kujua kabla ya kutoka Tanzania. Nilipeleka hati ya benki, barua ya mwajiri, ushahidi wa malazi, na bima isiyopungua euro 30,000. Tulilipa bei moja kwa vitanda viwili vya mti mmoja, lakini yeye alilipia kitanda tu, nami nililipia kitanda na kuaminiwa. Umaskini wake wa miezi mitatu ulikuwa mchezo wa kusifiwa. Wangu ulikuwa tuhuma ya kukanushwa kwa karatasi. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyealikwa katika kongamano lilelile, alinyimwa viza kwa sababu haikuaminika kwamba angerudi. Makala yake juu ya methali za kwao niliisoma mimi kwa niaba yake, na watu walipompigia makofi, yeye hakuwapo kuyasikia.

Si jambo jipya. Salim bin Abakari alipita St. Petersburg na Moscow hata akafika Siberia mwaka 1896, lakini alikwenda akifuatana na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, alifundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1905 alirudi Dar es Salaam pamoja na mkewe Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka melini. Akarejea Ujerumani, akaishi huko mpaka kufa mwaka 1927. Nilipotembea katika mitaa ya Berlin nilimfikiri mara nyingi mwalimu huyo, aliyenyimwa kitanda si ugenini bali kwao.

Basi tufanye nini? Kulaumu milango ya wengine ni haki yetu, na tusiiache. Walakini Schirrmann hakungoja mlango wa mtu. Alianza na darasa alilokuwa nalo. Na habari yake ina sehemu ituhusuyo zaidi. Katika Krismasi ya mwaka 1915, akiwa askari vitani, aliona Wajerumani na Wafaransa wakitoka mahandakini na kubadilishana vyakula, akajiuliza ingekuwaje kama vijana wa mataifa wangepata mahali pa kukutana. Tarime nayo imezika vijana wake katika magomvi ya koo. Wapo Wakurya wa leo waliokwisha kuona Nairobi na Dar es Salaam, lakini hawajapata kulala usiku mmoja katika kijiji cha ukoo wa jirani.

Shule za Itiryo hufungwa wakati wa likizo, kama zifungwavyo shule za Mugumu, Bagamoyo na Kilwa. Mkeka, pipa la maji, mlinzi, daftari la majina na ada ndogo vyatosha kuanzia. Kijana wa Tarime angeweza kwenda mpaka Kilwa kuyaona magofu ambayo sasa huyasoma kitabuni tu, na kijana wa Kilwa angeweza kuuona Mto Mara. Katika daftari la wageni pangetakiwa jina, na mahali atokako. Safu ya ukoo isiwekwe. Na jikoni pawe na rafu moja, ili aondokaye amwachie ajaye chumvi na mchele, bila kumjua ni wa nani.