Mchanga, Lami na Tope la Masika: Tairi la Baiskeli kwa Njia za Bunju

Msafiri atokaye Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo hupita Tegeta na Boko kabla ya kufika Bunju, kata iliyo kaskazini mwa Wilaya ya Kinondoni, si mbali na Mto Mpiji unaoutenga Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Akitazama kupitia dirisha la daladala ataona lami, maduka ya vifaa vya ujenzi, vijiwe vya bodaboda na minara ya misikiti. Ardhi yenyewe hataijua. Ardhi ya Bunju hujulikana na yule anayeikanyaga kila siku, na zaidi na yule anayeipita kwa baiskeli, kwa kuwa kila kokoto na kila utelezi humfikia mikononi kupitia usukani.

Tumezipita njia hizi kiangazi na masika, na jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba Bunju haina udongo wa aina moja. Ukielekea mashariki, upande wa Mbweni na bahari, unakuta mchanga mwepesi unaozama chini ya gurudumu. Upande wa kusini uko Wazo, kilima cha mawe ya chokaa ambayo kiwanda cha saruji huyachimba, na njia nyingi za jirani zimejazwa kifusi na changarawe. Ukielekea magharibi, upande wa Mabwepande, nchi huanza kupanda na kushuka. Miinuko ina udongo mwekundu, na mabondeni udongo ni mweusi na wa mfinyanzi, unaonata mara tu unaponyeshewa. Huko Mabwepande ndiko serikali ilikozihamishia, mwanzoni mwa mwaka 2012, familia nyingi zilizoathirika na mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi. Watu waliokimbia maji ya bondeni walianza maisha mapya mahali ambapo mvua huja na mtihani mwingine, nao ni njia.

Kati ya maeneo hayo yote imepita lami ya Barabara ya Bagamoyo, pamoja na malori yake ya saruji na mabasi yake. Mtu anayetoka nyumbani bondeni kwenda sokoni, msikitini au kazini aweza kupita tope, changarawe, mchanga na lami katika safari moja isiyozidi nusu saa. Hapo ndipo swali la tairi linapoacha kuwa swali la fundi peke yake na kuwa swali la familia. Baiskeli hapa humbeba baba anayewahi sala ya alfajiri kabla daladala hazijaanza kujaa. Humbeba muuza mkate na muuza samaki. Humbeba ustadhi anayefundisha madrasa mbili zilizo pande mbili za bonde moja. Na mara nyingi, juu ya keria, ameketi mtoto mwenye juzuu yake mkononi, miguu ikining'inia karibu na spoku.

Hatari tunayoizungumzia ni ya kweli. Mteremko wa udongo mwekundu, siku ya pili ya mvua, huwa laini kama sabuni. Mwendeshaji akikamata breki ya mbele kwa nguvu, gurudumu hukataa kuzunguka lakini huendelea kuteleza. Na miteremko mingi ya mitaani huishia penye barabara kubwa, mahali ambapo dereva wa lori hana nafasi ya kumkwepa aliyeanguka. Mzazi anayempakia mtoto amebeba amana, na sehemu kubwa ya amana hiyo hushikiliwa na vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo lisilozidi kiganja cha mtoto.

Inafaa kukumbuka kwamba tairi la upepo lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa akiishi Belfast, alilitengeneza mwaka 1887 ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise kwenye njia za mawe. Mwenzake wa Uskoti, Robert Thomson, alikuwa ameisajili fikra kama hiyo katika miaka ya 1840, lakini haikushika. Karibu miaka tisini baada ya Dunlop, vijana wa California walianza kushuka milimani kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene, na kutokana na mchezo wao ikazaliwa baiskeli ya milimani. Nyingi za baiskeli hizo hutufikia sasa zikiwa mitumba, nasi huziita baiskeli za gia. Zinapofika hapa huacha kuwa za mchezo. Zinabeba madumu ya maji, mkaa, mikate na watoto.

Chini ya mwembe mmoja, pembeni mwa njia iendayo Mabwepande, tulimkuta fundi baiskeli akizungumza na mama aliyekuja kununua tairi. Mama alitaka lile lenye kashata kubwa kuliko yote, akiamini kuwa ukubwa wa kashata ndio usalama. Fundi hakulishusha tairi hilo kwenye msumari. Alimwuliza kwanza, "Mama, huyo kijana wako anapita wapi?"

"Anakwenda chuoni, ng'ambo ya bonde, kisha anarudi kwa njia ya lami."

"Na nyuma anambeba nani?"

"Mdogo wake."

"Basi mama yangu, tutazame magurudumu mawili, siyo moja."

Katika maswali hayo mawili umo ujuzi wote tunaotaka kuufikisha kwa wasomaji wetu. Hakuna tairi lililo bora kwa kila ardhi. Lililo bora kwenye tope huwa dhaifu kwenye lami, na lililo jepesi kwenye lami huwa mtego kwenye tope. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno. Ukichanganyika na maji hujaza nafasi zilizo kati ya kashata mpaka tairi linakuwa laini kama kipara. Kwa hiyo tairi la tope lina kashata ndefu zilizoachana, ili gurudumu linapozunguka tope lipate mahali pa kutokea. Nalo huwa jembamba kidogo, kiasi cha inchi 1.8 hadi 2.0, ili likate tope na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini. Mchanga wa Mbweni unataka kinyume chake: tairi pana linalopita juu bila kuzama. Na lami inataka mpira mwingi uiguse, wala si vidole vya kashata vinavyopinda kwenye kona na kulika upesi.

Sasa tuhesabu miezi. Masika ya pwani yetu huanza Machi na kumalizika Mei. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, tena kwa vipindi. Miezi iliyobaki ni ya vumbi, mchanga mkavu na lami yenye joto. Anayefunga matairi mawili ya tope kwa mwaka mzima atazimaliza kashata kwenye lami kabla ya masika kurudi, na mvua itakapofika atakuwa na kipara siku ile anapohitaji meno.

Ndiyo maana fundi yule alimfungia mama matairi mawili yasiyofanana. Mbele aliweka lenye kashata ndefu zilizoachana, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linaloongoza. Likiteleza hilo, ni vigumu kujinusuru. Nyuma aliweka lenye mstari wa mpira ulioshikana katikati na kashata pembeni. Gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi na hulika haraka. Ule mstari wa katikati huenda vizuri kwenye lami, na kashata za pembeni husaidia gurudumu linapozama kidogo au baiskeli inapoinama. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mwendeshaji huwahi kuweka mguu chini. Kwa familia yenye baiskeli moja ya kutumika mwaka mzima Bunju, sisi hatujaona mpango ulio bora kuliko huu. Na anayeweza kununua tairi moja tu zuri, basi lizuri alifunge mbele.

Yapo mambo matatu ambayo mnunuzi ayaangalie kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni namba iliyo ubavuni mwa tairi. Watu wengi husema "inchi 26" wakadhani wamemaliza, kumbe ziko inchi 26 zisizoingiliana. Tairi la 26 × 1.95 la baiskeli ya gia hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, na lile la 26 × 1⅜ hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine. Vivyo hivyo, baiskeli zile ndefu za kizamani zenye tairi la 28 × 1½ zina rimu ya milimita 635, ambayo ni kubwa kuliko rimu ya baiskeli mpya ziitwazo za inchi 29, yenye milimita 622. Kwa hiyo tafuteni ile namba ya tarakimu tatu, kama vile 559, ambayo huandikwa baada ya upana, kwa mfano 50-559. Hiyo haimdanganyi mtu.

La pili ni nafasi. Kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na madigadi, ibaki nafasi ya kupitisha kidole. Tairi pana lililobana huonekana zuri dukani, lakini katika bonde la mfinyanzi tope hujaa hapo mpaka gurudumu linasimama, na kijana huishia kuibeba baiskeli begani.

La tatu ni umri wa mpira. Tairi lililotundikwa juani kwa muda mrefu hukakamaa na kupasukapasuka ubavuni. Likunjeni kidogo na kulitazama. Mpira uliokakamaa huteleza kwenye lami iliyolowa hata kama kashata zake ni mpya. Ubavuni mwa matairi mengi pia kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Baadhi ya mafundi hawaujali, nanyi mwambieni kwa upole.

Baada ya kununua, linabaki jambo lisilo na gharama, nalo ni upepo. Matairi mengi yameandikwa kiwango cha chini na cha juu cha upepo wake. Kiangazi, kwenye lami na changarawe, jazeni kuelekea kiwango cha juu. Masika, na kwenye mchanga, punguzeni kuelekea kiwango cha chini, ili tairi litambae na kuishika ardhi. Msivuke chini ya kiwango hicho, kwani tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe, ikatoboka matundu mawili kwa mpigo. Na akipakiwa mtoto nyuma, gurudumu la nyuma liongezewe upepo kuliko la mbele. Vilevile, baada ya kuvuka tope, rimu zioshwe kwa maji kidogo. Mchanga uliobaki hapo huzila raba za breki, na tairi zuri halimsaidii asiyeweza kusimama.

Wapo wanaotuuliza kuhusu tope linalorukia kanzu na buibui njiani kuelekea msikitini. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika mwambao wetu, wamelieleza suala la tope la njiani: asili yake ni tohara, na shaka peke yake hailifanyi kuwa najisi, na hata pale najisi inapojulikana kuwamo, kiasi ambacho ni vigumu kukiepuka husamehewa. Mwenye jambo mahsusi amwulize sheikh wake. Hata hivyo madigadi mazuri na kipande cha mpira kilichoning'inizwa chini yake hupunguza usumbufu huo, na humfanya mtu aingie safu ya sala akiwa nadhifu.

Tumeshuhudia katika masika madrasa zilizo ng'ambo ya mabonde zikipungukiwa wanafunzi kwa wiki nzima, na mara nyingine ni mwalimu mwenyewe asiyefika. Watoto huketi barazani, mbao na juzuu mapajani, wakiitazama njia. Daraja ni kazi ya serikali na huchukua miaka. Tairi la mbele la baiskeli ya ustadhi ni kazi ambayo wazazi kumi wa mtaa mmoja wanaweza kuimaliza Ijumaa moja baada ya sala, bila kikao wala risala. Na kabla ya kulipa, wamwulize fundi kama fundi yule wa chini ya mwembe alivyomwuliza mama: anapita wapi, na nyuma anambeba nani.

Masika huingia Machi. Februari, ardhi ingali kavu, ndiyo wakati wa kuigeuza baiskeli miguu juu uani, kuzihesabu kashata zilizobaki, kuzikaza spoku na kujaribu breki. Mtoto naye ashirikishwe, aishike pampu, ajue namba ya tairi lake na kiwango cha upepo wake. Itakaponyesha, inshaallah atavuka bonde akiwa na elimu ya njia yake kabla hajaifikia elimu anayoifuata.