Majina kumi katika ukurasa wa daftari



Siku chache baada ya Oktava ya Pasaka ya mwaka 2025, tulipokuwa tukipanga viti katika chumba cha katekesimu, tuliokota ukurasa uliong'olewa katika daftari la shule. Ulikuwa na majina kumi yaliyoandikwa kwa mwandiko safi: wanamuziki, wakuu wa nchi, mchezaji mpira wa zamani, waigizaji wa sinema. Jina la kwanza lilikuwa la Papa Fransisko. Lilikatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni yake iliandikwa namba 12.

Jumamosi iliyofuata mwenye ukurasa alikuja kuutafuta. Ni kijana mwema, anayehudumia altareni tangu utoto wake. Tulimwomba atufafanulie ile namba, naye akatueleza bila kuficha neno. Mwanzoni mwa mwaka, kila mchezaji huandika majina ya watu kumi mashuhuri anaodhani hawataumaliza mwaka huo. Mmoja wao akifariki, umri wake huondolewa katika 100, na kinachobaki ndicho alama. Baba Mtakatifu alifariki tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, akiwa na miaka 88. Kwa hiyo aliacha alama 12. Mwanamuziki akifa na miaka 27 angeleta 73. Mzee huleta kidogo kwa kuwa kifo chake ni rahisi kubashiri, na kijana huleta nyingi. Waliokuwa wakicheza walikuwa sita. Kila mmoja alitoa faranga elfu mbili, na mshindi angezichukua zote mwisho wa Desemba.

«Mwalimu,» akamalizia, «sisi hatumuui mtu. Wanakufa wenyewe.»

Tumekuwa tukiwafundisha walimu kwa miaka mingi, na twajua kutambua jibu la mwanafunzi linalostahili kufikiriwa kabla ya kupingwa. Hatukumkemea. Tulimwomba arudi juma litakalofuata. Ukweli ni kwamba tulinyamaza kwa sababu nyingine pia: mchezo ule sisi wenyewe tuliwahi kuucheza.

Mwezi wa Agosti 1996 habari zilienea kwamba Rais Mobutu amepasuliwa huko Lausanne, Uswisi, kwa ajili ya kansa ya tezi la kibofu. Tulikuwa walimu vijana watano katika chumba kimoja cha walimu hapa Bukavu. Mishahara haikuja, chaki ilikuwa haba, na redio ilikuwa burudani yetu. Mmoja wetu alifungua daftari, na kila mtu akaandika mwezi aliodhani mgonjwa yule angefariki. Aliyekaribia zaidi angenunuliwa na wengine chupa kumi na mbili za bia. Tulisema ni siasa. Na kweli, wengi nchini walikuwa na sababu ya kutamani utawala ule ufike mwisho. Lakini tarehe 17 Desemba, Mobutu aliporudi Kinshasa akiwa anatembea kwa miguu yake, yule aliyekuwa ameandika Desemba alinuna siku nzima. Hakuwa akiifikiria nchi hata kidogo. Alikuwa akilifikiria daftari.

Hapo ndipo tungepaswa kujitambua. Mtu akiandika jina la mwenzake katika orodha ya namna hiyo, huanza kusikiliza habari kwa sikio lingine. Mgonjwa akipata nafuu, habari njema inamkera. Hajaua mtu, ni kweli; lakini moyoni mwake amekwisha kukaa upande wa kifo, akikingoja kama mtu angojaye mgeni aliyechelewa.

Nalo daftari letu halikuona lililokuwa mlangoni. Tarehe 29 Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu, na Baba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, ambaye hakukimbia, akauawa katika barabara ya mji wetu. Ninyi mliozaliwa baadaye mmelikuta jina lake katika sala za wazazi wenu. Sisi tulimsikia akihubiri. Jaribuni kuandika alama mbele ya jina lake kwa kanuni ile ya kuondoa umri katika 100. Sisi tulijaribu hivi karibuni, tukiwa peke yetu mezani, ili tujue mchezo huu ni nini hasa. Mkono ulikataa.

Ingefaa tuwaambie kwamba baada ya siku ile tulilichoma daftari. Hatukulichoma. Shule ilipofunguliwa tena, nalo lilifunguliwa. Mwaka 1997 ukafika mwisho wa Agosti. Diana wa Uingereza alifariki tarehe 31 Agosti, akiwa na miaka 36. Mama Teresa wa Calcutta tarehe 5 Septemba. Mobutu tarehe 7 Septemba, mjini Rabat, Moroko. Watu watatu wanaojulikana na dunia nzima walifariki ndani ya juma moja na siku moja, nasi tulizungumza kana kwamba ulimwengu unatuchezea sisi. Aliyeandika Septemba alishinda. Tulinunua bia, tukanywa, tukacheka, na hakuna aliyetamka hata Salamu Maria moja kwa ajili ya wale watatu.

Mmoja wetu hakunywa. Alikaa kidogo, akaaga. Majuma mawili baadaye tuliitwa kwenye matanga ya mama yake. Kumbe mama huyo alikuwa amelazwa tangu Agosti, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka shuleni. Tulijua jina la mji wa Uswisi ambamo Mobutu alipasuliwa, na la mji wa Moroko ambamo alikata roho. Hatukujua mama wa mwenzetu amelala katika chumba gani. Mwenzetu hakutulaumu. Alitushukuru kwa kufika. Shukrani ile ndiyo tumeibeba hadi leo.

Msidhani mchezo huu ulizaliwa na simu zenu. Mjini Roma, zamani sana, watu waliweka dau juu ya uchaguzi wa Papa, na hata juu ya muda ambao Papa angetawala, yaani juu ya siku ya kufa kwake. Ndiyo maana mwezi wa Machi 1591 Papa Gregori wa 14 aliyapiga marufuku madau hayo kwa hati iitwayo Cogit nos, akiweka adhabu ya kutengwa na Kanisa. Huko Uingereza watu walinunua bima juu ya uhai wa wakubwa wasio ndugu zao, wakakaa kusubiri malipo, mpaka Bunge likatunga sheria ya kuzuia jambo hilo mwaka 1774. Tamaa hii ni ya kale, na wala haikuanzia kwa watu wabaya kuliko sisi.

Tena kuna namna ya haki ya kujiandaa kwa kifo cha watu mashuhuri. Waandishi wa habari huandika tanzia mapema, wakaziweka tayari, kwa kuwa maisha marefu hayasimuliki vema katika nusu saa. Mwezi wa Novemba 2020 redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, ambayo sauti yake ya Kiswahili inasikika nyumbani mwetu, ilichapisha kwa hitilafu tanzia kama mia moja za watu waliokuwa wazima. Kati yao walikuwamo Malkia Elizabeth, Pelé na Jimmy Carter. Iliomba radhi. Pelé aliishi miaka miwili zaidi, na Carter alifikisha miaka 100. Hatuoni dhambi katika kazi ya namna hiyo. Anayeandika tanzia analazimika kusoma maisha yote ya mtu. Anayebashiri anahitaji mwaka wa kuzaliwa tu na habari za daktari.

Fikirini siku zile 38 ambazo Papa Fransisko alilazwa katika hospitali ya Gemelli, kuanzia tarehe 14 Februari 2025. Karibu kila siku ilitoka taarifa juu ya afya yake. Waamini waliokusanyika jioni katika uwanja wa Mtakatifu Petro kusali rozari waliisoma. Wachezaji wenye orodha waliisoma pia, huenda kwa makini zaidi. Maneno yalikuwa yale yale.

Na Fransisko hakuwa mgeni kwetu. Mwaka 2023 alikuja Kinshasa akiwa na miaka 86, katika kiti cha magurudumu. Hakuweza kufika Goma kwa sababu ya vita. Akawapokea mjini Kinshasa, tarehe 1 Februari, ndugu zetu wa Mashariki waliojeruhiwa na vita hivyo, akawasikiliza mmoja mmoja. Kesho yake, katika uwanja wa Mashujaa, alizungumza na vijana na makatekista, akawaomba waitazame mikono yao. Kwa kila kidole aliwapa neno: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Tulimtazama katika televisheni, nasi tukaitazama mikono yetu. Mtu huyo ndiye aliyeandikiwa 12.

Hayo yote tulikuwa tumeyapanga vizuri kumwambia kijana wetu aliporudi. Tulimsimulia habari za daftari letu, na za mama wa mwenzetu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia.

«Mwalimu, mwezi wa pili, vita vilipoingia mjini, tulimzika rafiki yangu wa darasa. Alikuwa na miaka 17. Hakuna aliyekuwa amemwandika popote. Katika mchezo huu walau kifo kina kanuni.»

Hapo tulielewa kwamba tulikuwa tumemhukumu kwa kosa letu wenyewe. Sisi tulicheza kwa uvivu wa moyo. Yeye alicheza kwa hofu. Kifo cha mtu mashuhuri kina umri unaojulikana, kina taarifa ya daktari, kina tarehe, na hakiachi kiti kitupu darasani. Ni kifo kinachoweza kushikwa mkononi bila kuunguza. Kijana aliyeona kile kingine, kisicho na kanuni, hushikilia hiki ili apate kupumua. Tunadhani wengi wenu mnalijua jambo hili kuliko tunavyojua sisi.

Lakini hofu haiponi kwa njia hiyo. Baada ya jina la kwanza kukatwa, yalibaki tisa, na rafiki yake bado alikuwa hajaombolezwa. Tulimwuliza kama amekwisha kwenda kuwasalimu wazazi wa marehemu. Alisema hapana; alikuwa akipita njia nyingine ili asikutane nao. Tulikwenda pamoja Jumapili ile ile baada ya Misa. Hatukusema mengi. Mama mwenye nyumba alileta chai, akamwuliza maswali ya shule, akamshika mkono muda mrefu.

Tangu hapo tumependekeza kazi ndogo kwa kundi lake, nasi twaipendekeza kwenu pia, muwe wa Kiro, wa Xaveri au wa kwaya. Chukueni ukurasa, mwandike majina kumi: wagonjwa, wazee na wafiwa wa mtaa wenu, watu mnaoweza kuwafikia kwa miguu. Mahali pa alama andikeni siku ambayo mtu huyo alitembelewa mara ya mwisho. Mwezi wa Novemba, tunapopeleka majina ya marehemu wetu altareni, mtaona kama baadhi yao mliwahi kuwaandika wangali hai.

Hatuwadanganyi kwamba jambo hili limefaulu kabisa. Kati ya wale sita, watatu bado wanacheza mchezo wao, na hatujawafukuza. Yule kijana alileta ukurasa wenye majina manne, akisema hakupata kumi. Tulimwonyesha wa kwetu: ulikuwa na sita.

Jina la kwanza katika ukurasa wake ni la mama mzee anayeishi peke yake nyuma ya shule. Alikwenda kumchotea maji, na kwa mazoea ya zamani akamwuliza umri wake. Mama yule alicheka sana. Hajui alizaliwa mwaka gani, na hakuna aliyeandika. Akamwambia arudi Alhamisi, maana mtungi wa pili nao u mtupu.